Sekunde Nne

Kibanda umiza cha Lembrisi, Ngarenaro:
mia tano mlangoni, na kreti la soda ndicho kiti changu.
Nje Juni ya Arusha inauma masikio;
humu ndani tumebanana hadi mabati yanatoka jasho.
Nimeacha injini ya pikipiki ya Kaaya wazi juu ya gunia,
boliti zake ndani ya kopo la siagi,
nikamwambia nakwenda kununua gasketi.
Dakika mia na ishirini zimepita. Gasketi gani hiyo.

Sasa ni matuta.

Ng'ambo ya barabara, baa ya Mama Nashipai
ina king'amuzi kinachotutangulia sekunde nne.
Mpigaji wetu wa kwanza bado anafunga kamba ya kiatu
na kule wameshapasuka: "Gooo!"
Kwa hiyo anapopiga, sisi tunashangilia kwa adabu tu,
kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuifungua.

Wa pili, hivyo hivyo.
Wa tatu, Mudi Reli, anauweka mpira, anaupapasa,
na ng'ambo linatoka lile "Aaah"
refu, la kushuka, tairi linatolewa upepo.
Kwenye kioo bado anarudi nyuma hatua tano.
Bado ana uso wa mtu atakayefunga.
Nilitaka kumpigia kelele: kaka, badilisha kona!
Angenisikiaje, na mguu wake ulikwisha kukosa.

Hapo ndipo Loishiye alipovua koti
akalisokomeza dirishani.
Wengine wakaongeza kofia, na gunia tupu la mkaa.
"Tukome kujua mapema," alisema. "Tuumie kwa zamu yetu."
Mtu mzima, ana wajukuu, anafuga mbuzi wa maziwa Sakina,
kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Wa nne wao akagonga mwamba.
Furaha ya baa ikapenya koti, ikapenya gunia,
nikamkumbatia mtu nisiyemjua;
grisi yangu ikabaki mgongoni mwake, vidole vitano.
Hakulalamika.
Wa nne wetu akafunga. Wa tano wao akafunga.

Akabaki Kidevu, namba sita,
miaka kumi na tisa, soksi moja imeshuka.
Akifunga, tunaendelea. Akikosa, tunakwenda kulala.
Na ng'ambo,
kimya.

Nikahesabu. Moja. Mbili.
Kimya gani hiki? Cha msiba?
Au wamesimama vinywa wazi, sauti imewakwama?
Tatu. Nne. Tano.
Sekunde zao zilikwisha,
zilizobaki zikawa zetu peke yetu,
mbichi, hazijaguswa na mtu.
Loishiye akang'oa koti lake, akatega sikio dirishani.
Nyumba nzima ilikuwa inamtazama yeye, si kioo.
Sikuwahi kujua kwamba kutojua kuna uzito namna ile.

Kidevu akapiga.
Sitaeleza sana. Kipa hata hakuruka.
Mpira ulipaa juu ya lango
kana kwamba kuna mtu jukwaani kauita kwa jina.
Lembrisi akakata sauti.
Mtu akaanza kutafuta ndala yake chini ya benchi.

Nikatoka, baridi ikanipokea.
Ng'ambo kulikuwa giza tupu: umeme umewakatikia,
upande wao tu wa barabara,
taa ya simu moja ikizunguka juu ya meza.
Walikuwa wamejazana barazani, nyuso zote kwetu,
wao waliokuwa wakijua kila kitu kabla yetu.
"Jamani!" Mama Nashipai akaita. "Vipi huko? Kafunga?"

Nyuma yangu hakuna aliyefungua kinywa.
Nikafuta mikono kwenye suruali.
"Bado," nikasema.
"Bado anaweka mpira."